Barua ya wazi: Hilo jina la kosa, nani amelitoa?

Kwa Waziri wa Katiba na Sheria, Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Mkurugenzi wa Mashtaka, na wajumbe wa Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Utawala, Katiba na Sheria.

Yah: Makosa yasiyo na dhamana

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa karani mstaafu wa mahakama. Kwa miaka 27 nilifanya kazi masjala na ndani ya vyumba vya mahakama za hakimu mkazi, Kanda ya Ziwa. Sikuwahi kuamua kesi hata moja. Nilipokea hati za mashtaka, nikafungua majalada, nikabandika orodha ya kesi ukutani asubuhi, kisha nikaingia ndani kuita majina. Ila mtu anayeita majina miaka yote hiyo husikia mengi, na maneno niliyoyasikia kuliko yote ni haya: "Mheshimiwa, shauri limekuja kwa kutajwa, upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine." Hakimu anatazama kalenda, anahesabu siku 14, anataja tarehe. Mshtakiwa anarudi kwenye karandinga. Watu wa mtaani wanaita kupigwa kalenda, na sijaona neno la kisheria linalolishinda hilo kwa usahihi.

Kulikuwa na mama mmoja aliyetoka kisiwani. Kila siku ya kesi ya mwanawe alivuka na feri ya kwanza, mkononi ana bahasha ya kaki. Ndani ya bahasha mlikuwa na barua ya mwenyekiti wa kijiji, kitambulisho chake, kitambulisho cha shemeji yake, na picha ndogo za paspoti. Kijana wake wa miaka 19 alishtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Kilichoporwa ni simu moja. Silaha, kwa maelezo ya polisi, ni panga. Mama akiniona koridoni ananyoosha ile bahasha: "Mwanangu, leo wadhamini wanaitwa?" Nami namjibu nilivyomjibu mara ya kwanza, kwamba kosa lile halina dhamana. Siku moja, nadhani ilikuwa safari yake ya sita au ya saba, hakuinyoosha bahasha. Aliniuliza: "Hilo jina la kosa, nani amelitoa?"

Nilimwambia ni sheria. Lilikuwa jibu la karani anayetaka kuingia ndani kabla hakimu hajakaa. Jibu la kweli nililijua hata wakati ule: jina amelitoa aliyeandika hati ya mashtaka. Hakimu hana sauti hapo. Likishaandikwa jina hilo, mlango umejifunga, na hakimu hana ufunguo.

Mnakifahamu kifungu ninachokisema. Mawakili, mahakimu, askari magereza, hata mahabusu wazoefu wanakitaja kwa namba tu, 148(5). Kimo katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, na kimekuwa kikiongezewa makosa kila Bunge linapopata hofu mpya. Mauaji na uhaini yamo. Unyang'anyi wa kutumia silaha umo, ugaidi umo, usafirishaji haramu wa binadamu umo, na utakatishaji wa fedha uliingia baada ya sheria ya 2006. Mtu akishtakiwa kwa lolote kati ya hayo, hakimu haruhusiwi kuuliza maswali ambayo angemuuliza mwizi wa kuku: Je, atatoroka? Ana makazi? Ataharibu ushahidi? Ana rekodi ya makosa? Mgonjwa? Ananyonyesha? Hakuna nafasi ya kuuliza. Na kwa makosa yanayosikilizwa na Mahakama Kuu, mshtakiwa anasomewa shtaka kisha anaambiwa hatakiwi kujibu chochote, kwa sababu mahakama aliyoletwa haina mamlaka ya kusikiliza kesi yake. Nimewaona watu wakisikia hayo kwa mara ya kwanza. Wanageuka kuangalia nyuma kutafuta ndugu, wakidhani wamesikia vibaya.

Sasa tusome Katiba yetu, ambayo kwa bahati nzuri imeandikwa kwa Kiswahili, tofauti na majalada niliyoyabeba miaka yote (mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, tulikuwa tunasema Kiswahili mahakamani na kuandika Kiingereza, na mshtakiwa hakuweza kusoma alichosema mwenyewe). Ibara ya 15(1) inasema: "Kila mtu anayo haki ya kuwa huru na kuishi kama mtu huru." Ibara ya 13(6)(b) inapiga marufuku mtu aliyeshtakiwa "kutendewa kama mtu mwenye kosa hilo mpaka itakapothibitika kuwa anayo hatia ya kutenda kosa hilo." Haki hizi ziliingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, zikawekwa kabatini miaka 3, na ndipo Machi 1988 mwananchi akaruhusiwa kwenda nazo mahakamani.

Haukupita muda mrefu, mtu akaenda nazo. Daudi Pete alikuwa mshtakiwa wa unyang'anyi wa kutumia nguvu, na shauri lake lilifika mbele ya Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza. Makarani waliotutangulia kanda ile walimjua Mwalusanya kama jaji aliyeisoma Katiba kana kwamba imeandikwa jana usiku. Akaamua kwamba aya ya (e) ya kifungu cha 148(5), kama ilivyokuwa wakati ule, inakwenda kinyume na Katiba. Serikali ikakata rufaa. Mei 1991 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikatoa hukumu ambayo wanafunzi wa sheria wanaikariri hadi leo.

Hukumu hiyo hutajwa kwa pupa, na wanaoitaja huacha nusu yake. Mahakama ya Rufani haikukubali kila alichosema Mwalusanya. Ilikataa hoja kwamba kumnyima mtu dhamana ni sawa na kumtendea kama mwenye hatia. Ikakataa pia hoja kwamba Bunge limepora kazi ya Mahakama. Aya ile iliangukia kwingine. Kwanza, Ibara ya 15(2) inataka anayenyang'anywa uhuru anyang'anywe kwa kufuata utaratibu uliowekwa na sheria, na aya ile haikuweka utaratibu wowote. Ilisema "hapana" tu. Pili, ilikuwa wavu mpana mno, wenye kunasa mtu wa hatari pamoja na asiye wa hatari. Sheria inayopunguza haki kwa jina la maslahi ya umma, ilisema Mahakama, lazima iwe na kinga dhidi ya maamuzi ya kiholela na isizidi kile kinacholazimu.

Nikumbushe kwamba hayo yalisemwa juu ya aya moja. Aya nyingine zilibaki, orodha ikaendelea kunenepa.

Miaka ikapita. Akaja wakili Jeremiah Mtobesya na hoja juu ya jirani wa kifungu hicho, 148(4). Kifungu hicho jirani kilimpa Mkurugenzi wa Mashtaka uwezo wa kuwasilisha hati mahakamani akieleza kwamba mshtakiwa akipewa dhamana usalama au maslahi ya Jamhuri yatadhurika. Hati ikishawasilishwa, mjadala umekwisha. Hakimu hapimi ukweli wa kilichoandikwa, wakili wa utetezi hana la kusema. Desemba 2015 Mahakama Kuu ikasema hapana, hii inavunja haki ya kusikilizwa iliyo katika Ibara ya 13(6)(a). Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo.

Kisha Dickson Sanga akashtaki juu ya 148(5) yenyewe. Mei 2020 Mahakama Kuu ikakubaliana naye, ikaipa Serikali miezi 18 kurekebisha sheria. Miezi 18 haikufika. Haikufika hata mitatu. Agosti 5, 2020, Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo na kusema kifungu kiko sawasawa na Katiba, kwamba ni kizuizi kinachoruhusiwa kwa ajili ya maslahi ya umma chini ya Ibara ya 30(2).

Wekeni hukumu hizi mbili za Rufani juu ya meza moja, ya 2018 na ya 2020, mzitazame kwa jicho la karani. Mkurugenzi wa Mashtaka akichukua karatasi na kuandika, "Naomba huyu asipewe dhamana," Katiba imevunjwa, kwa sababu mtu mmoja ambaye ni upande katika kesi amefunga mlango bila mwenzake kusikilizwa. Mkurugenzi huyohuyo akichukua karatasi nyingine, ya hati ya mashtaka, na kuongeza shtaka la "utakatishaji wa fedha", mlango umefungwa vilevile, mwenzake hajasikilizwa vilevile, ila sasa Katiba haijavunjwa. Kalamu ni ileile. Mimi si mwanasheria, na waliokaa kwenye viti vile wanajua sheria kuliko nitakavyoijua kamwe. Lakini nimezipokea karatasi zote mbili kwa mikono yangu dirishani, nimezigonga mhuri uleule, na sijawahi kuiona tofauti yake kwa mtu anayerudi mahabusu.

Hapa ndipo ninyi mnapoingia, Waheshimiwa, na ndiyo maana sikumwandikia Jaji Mkuu. Kila mjadala huu unapoibuka, Serikali hujibu kwamba Mahakama ya Rufani imeshaamua. Ni kweli imeamua. Imeamua kwamba Bunge lina ruhusa ya kuwa na sheria hiyo. Haikusema Bunge linalazimika kuwa nayo. Mtu akiambiwa na daktari kwamba chumvi kidogo haitamuua, hajaandikiwa dozi ya chumvi. Mnaweza kukibadilisha kifungu hiki katika mkutano mmoja wa Bunge bila kuigusa hukumu ya 2020 hata kwa ukucha.

Na shtaka la utakatishaji linahitaji aya yake, maana hilo ndilo lililotufundisha jinsi jina la kosa linavyofanya kazi. Fedha yoyote inayodaiwa kupatikana kwa kosa, ukiipeleka benki, ukinunua kiwanja, ukamlipia mtoto ada, inaweza kuelezwa kuwa imetakatishwa. Kwa hiyo kosa lenye dhamana, mfano kukwepa kodi, likiambatanishwa na utakatishaji wa fedha ileile, linakuwa kosa lisilo na dhamana. Mwandishi wa habari Erick Kabendera alikamatwa Julai 2019. Agosti akasomewa katika Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, mashtaka matatu: kuongoza genge la uhalifu, kukwepa kodi ya shilingi milioni 173 na zaidi, na kutakatisha fedha hiyohiyo. Mwisho wa Desemba mama yake akafariki. Mawakili wakaomba aruhusiwe kwenda kumuaga, na jibu likawa kwamba mahakama ile haina mamlaka. Februari 2020 upande wa mashtaka ukaliondoa shtaka la genge, naye akatoka kwa makubaliano ya kukiri, akilipa faini na fidia.

Alikuwa na hatia au hakuwa nayo? Hatutajua kamwe kwa njia ambayo mahakama imewekwa kutuonyesha, yaani mashahidi kuapa, vielelezo kupokelewa, hakimu kupima. Makubaliano ya kukiri yaliletwa na sheria ya mwaka 2019, na si jambo baya lenyewe. Nchi nyingi zinayo. Septemba mwaka huo Rais Magufuli alipotangaza kwamba wenye kesi za uhujumu uchumi walio tayari kurejesha fedha wafikiriwe, katika siku chache washtakiwa 467 waliandika kukubali kurudisha shilingi bilioni 107.8. Idadi hiyo ilipokelewa kwa makofi. Mimi nilibaki nikijiuliza wangapi kati yao walikuwa wanakiri kosa, na wangapi walikuwa wananunua mlango. Mtu aliyeko nje kwa dhamana akikubali kosa, unaweza kusema amepima akaona kesi yake mbovu. Mtu aliyesota rumande miaka miwili bila shahidi wa kwanza kuitwa, biashara imefungwa na mke amehamia kwa wazazi, akikubali, unajuaje amekubali nini?

Wapo waliokataa kukubali. Mfanyabiashara James Rugemalira aliingia mahabusu Juni 2017 kwa mashtaka yaliyotokana na sakata la fedha za akaunti ya Tegeta Escrow. Akatoka Septemba 2021, baada ya Mkurugenzi wa Mashtaka kuieleza mahakama kwamba hana nia ya kuendelea na kesi. Zaidi ya miaka 4. Masheikh wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, walioshtakiwa kwa ugaidi nao waliachiwa Juni 2021 kwa njia hiyohiyo, baada ya miaka mingi zaidi. Sitetei yeyote kati ya hao kwa kile alichoshtakiwa nacho. Sikuwahi kuliona jalada la mmoja wao. Nasema tu kwamba katika hali zote hizo hakimu alikaa kwenye kiti chake, mbele yake pana bendera na ngao ya taifa, na hakuwa na la kufanya zaidi ya kutaja tarehe.

Hata juzi tumeona. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, watu kwa makundi, wengi wao vijana, walipandishwa kizimbani kwa uhaini, kosa ambalo adhabu yake ni kifo. Novemba 14 Rais akilihutubia Bunge akaomba vyombo vya sheria viwaangalie kwa huruma vijana waliofuata mkumbo, na baada ya hapo wengi wakaachiwa. Wazazi walishukuru, na mimi ningekuwa mzazi ningeshukuru. Lakini tazameni kilichotokea. Kama kulikuwa na kijana aliyekamatwa akitoka dukani, ni hakimu ndiye aliyepaswa kumsikia siku ya kwanza, aulize, "Huyu tuna nini juu yake?", kisha ampe masharti aende nyumbani. Sheria ilimkataza hakimu huyo kufungua mdomo. Uhuru ukabidi usubiri hotuba.

Najua mtakachonijibu, kwa sababu nimekisikia kwa mawakili wa Serikali kwenye chai ya saa nne kwa miaka mingi. Majambazi watatoka watawatisha mashahidi. Muuaji akirudi kijijini ndugu wa marehemu watamchoma moto. Fedha za umma zitavushwa mpaka. Yote hayo hutokea, na nisingependa jambazi aliyemvunja jirani yangu mguu aonekane kesho yake akinywa kahawa barazani. Lakini hayo ndiyo hasa mambo anayopaswa kuyapima hakimu. Sheria hiyohiyo ya mwenendo wa jinai tayari inamruhusu kukataa dhamana akiona ni lazima mshtakiwa abaki ndani kwa usalama wake mwenyewe. Inamruhusu kunyang'anya pasipoti, kumzuia mtu asitoke wilayani, kumtaka aripoti polisi kila wiki. Hakimu anayeaminiwa kumfunga mtu miaka 30 baada ya kusikiliza ushahidi, kwa nini asiaminiwe kuamua kama mtu huyohuyo alale kwake wakati ushahidi unatafutwa?

Wenzetu Wakenya walikuwa na katazo kama hili. Katiba yao ya 2010, Ibara ya 49(1)(h), ikaliondoa: kila aliyekamatwa ana haki ya dhamana kwa masharti ya haki, isipokuwa kuwe na sababu nzito za kumnyima. Mshtakiwa wa mauaji Nairobi anaomba, upande wa mashtaka unapinga, ofisa wa uangalizi anakwenda mtaani kwake kuuliza majirani na familia ya marehemu, jaji anasoma ripoti na kuamua. Wengine wananyimwa, tena kwa hukumu ndefu zenye sababu. Anayenyimwa anajua kwa nini amenyimwa, na kama hakuridhika ana hoja ya kukatia rufaa. Mahabusu wetu akakate rufaa dhidi ya nini? Dhidi ya kifungu?

Ninyi wenyewe mmeshaonyesha kwamba mnaliona tatizo. Mwaka 2022 Bunge lilirekebisha sheria ili kesi isifunguliwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika. Tulifurahi sana masjala, maana majalada ya "haujakamilika" yalikuwa yamejaa mpaka chini ya meza. Kisha tukasoma mstari unaofuata: makosa makubwa hayamo. Yaani mwenye kosa dogo, ambaye hata hivyo angepata dhamana, upelelezi wake ukamilike kwanza. Asiye na dhamana ndiye anayeweza kuletwa mapema, upelelezi ukiwa bado unatafuta viatu vyake. Nilimwuliza hakimu mmoja kama nimesoma sawasawa. Akacheka, akaniambia niende nikaite kesi inayofuata.

Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilizunguka nchi nzima, ikasikiliza watu, ikamkabidhi Rais ripoti Julai 2023. Mwezi mmoja kabla yake, Juni 2023, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako hapa kwetu Arusha, iliamua kwamba kifungu cha 148(5) kinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika, ikaitaka Serikali ikirekebishe. Shauri hilo lilifunguliwa kabla Tanzania haijakamilisha kujiondoa katika utaratibu uliomruhusu mwananchi na asasi kwenda pale moja kwa moja. Leo mama wa kisiwani hawezi tena kufika Arusha mwenyewe. Amebaki na ninyi.

Ninachoomba kinaenea kwenye karatasi moja. Futeni orodha. Wekeni badala yake kwamba kila mshtakiwa, kwa kosa lolote, anaweza kuomba dhamana kwa mahakama, na kwamba kwa makosa haya mazito upande wa mashtaka ukipinga ulete sababu kwa kiapo, mshtakiwa azijibu, na mahakama iandike imeamua nini na kwa nini. Hakimu wa mahakama ya chini apewe mamlaka ya kusikiliza ombi hilo hata kama kesi yenyewe itakwenda Mahakama Kuu, maana siyo kila mtu ana nauli na wakili wa kufungua maombi huko. Ule ukomo wa siku 60 wa kuahirisha kesi upelelezi ukiendelea, ambao kesi za uhujumu uchumi zimetolewa ndani yake, uwaguse wote. Na mchezo wa kufuta kesi asubuhi na kumkamata mtu huyohuyo kwenye ngazi za mahakama kabla hajamkumbatia mkewe, upigwe marufuku kwa maneno yasiyohitaji tafsiri. Nimeuona kwa macho zaidi ya mara moja. Mara ya mwisho nilikuwa nimeshamkabidhi mtu mkanda wake na viatu.

Mkurugenzi wa Mashtaka, wewe huhitaji kusubiri Bunge. Ofisini kwako leo zipo hati ambazo shtaka la utakatishaji limebandikwa juu ya kosa jingine kama kofia. Zipitie. Ambayo haina ushahidi wa mtu kuficha chochote, iondolee kofia hiyo, na hakimu atafanya kazi yake.

Nirudi kwa yule mama, maana niliahidi moyoni kwamba siku nikistaafu nitalijibu swali lake kwa maandishi. Mwanawe alikaa ndani mwaka mmoja na miezi 9. Mwenye simu alikuwa ameshahama mkoa. Asubuhi moja mwendesha mashtaka akasimama na kusema anaomba kubadilisha hati. Kilichosomwa ni wizi. Simu ni ileile, tarehe ileile, jina la mlalamikaji lilelile. Panga halikutajwa tena, na hakuna aliyeuliza limekwenda wapi. Hakimu akasema dhamana iko wazi, wadhamini wawili wenye barua za serikali ya kijiji.

Nilitoka mbio koridoni kumwita. Alikuwa amekaa kwenye benchi la mwisho, bahasha mapajani. Tukafungua. Barua ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo, na aliyeisaini hakuwa tena mwenyekiti. Ulikuwa umepita uchaguzi wa serikali za mitaa katikati. Hakimu akaikataa. Ilibidi mama apande feri ya jioni arudi kijijini kutafuta mhuri mpya, na kijana akalala gereza la Butimba siku tatu zaidi.

Ndimi,
Karani mstaafu wa masjala,
Mwanza.